UZI: Julian Tuwim, mshairi wa watoto wa Poland, na Bambo aliyenikuta kwenye tramu

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye chai aisogeze karibu.

Mwezi uliopita nilipanda SGR kutoka Dar kwenda Morogoro na binti yangu wa miaka sita. Tulipoiacha Ruvu akaniuliza, "Baba, mbona treni haisemi?" Nikamweleza kwamba hii ni ya umeme, lakini zile za zamani za makaa na mvuke zilikuwa zinasema. Akauliza, "Zinasemaje?" Nikajikuta namjibu kwa Kipolandi, bila hata kufikiri: *tak to to, tak to to, tak to to, tak to to*. Akaanza kuyarudia huku akipiga goti lake kwa kiganja, hadi tunaingia Morogoro bado anayapiga.

Hayo maneno ni ya Julian Tuwim. Nilijifunza Kipolandi kwenye mji aliozaliwa, na tangu safari ile nimekuwa na hamu ya kumwandika hapa. Shairi lake moja ni kati ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyotoka navyo Ulaya. Lingine liliniumiza, na nitalisema pia.

Mji wenyewe ni Łódź. Hiyo Ł yenye mstari husomwa kama W yetu, kwa hiyo jina linatamkwa karibu na "Wuch". Maana yake ni mashua, na kwenye nembo ya mji kuna mashua kweli, ingawa ukifika hapo hutaona mto wa maana. Kuna kituo cha kufundishia wageni Kipolandi tangu 1952, na Waafrika wengi waliosomea Poland walianzia hapo mwaka wa kwanza kabla ya kutawanyika vyuoni. Mimi nilikuwa mmojawao, nikielekea uhandisi wa mitambo.

Tuwim alizaliwa hapo tarehe 13 Septemba 1894, katika familia ya Kiyahudi. Wakati huo Poland haikuwepo kwenye ramani, na Łódź ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, wenye Wapolandi, Wayahudi, Wajerumani na Warusi, kila kundi na lugha yake. Baba yake, Izydor, alikuwa karani wa benki. Mama yake, Adela, ndiye aliyemlea kwa mashairi na nyimbo za Kipolandi. Mshikeni huyo mama, tutarudi kwake.

Shuleni alifundishwa kwa Kirusi, nyumbani wakisema Kipolandi. Hesabu zilimshinda hadi akarudia darasa. Shavuni alikuwa na baka kubwa la kuzaliwa nalo lililomtia haya tangu utoto. Alichopenda ni maneno. Alijifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuni, akaanza kutafsiri mashairi ya Kipolandi kwenda lugha hiyo akiwa bado mwanafunzi. Shairi lake la kwanza la Kipolandi lilitoka gazetini 1913, nalo hakuweka jina lake. Aliweka herufi za mwanzo za jina la msichana aliyempenda, Stefania, ambaye baadaye alimuoa.

Mwaka 1916 alihamia Warsaw kusomea sheria na falsafa. Novemba 1918, mwezi uleule Poland iliporudi kuwa nchi baada ya miaka 123, yeye na wenzake walifungua mkahawa wa washairi ulioitwa Pod Picadorem. Watu wanalipa kiingilio, wanakunywa kahawa, washairi wanasoma. Kutoka hapo likazaliwa kundi la Skamander. Kwa miaka ishirini Tuwim akawa mmoja wa washairi waliosomwa zaidi nchini. Aliandika mashairi mazito ya watu wazima, nyimbo za majukwaa ya usiku, na tafsiri za Pushkin, mshairi wa Urusi, ambazo hadi leo zinasifiwa.

Katikati ya yote hayo, miaka ya 1930, akaanza kuwaandikia watoto. Nitaendelea, naenda kufunga geti.

#2

Endelea mkuu, nimeweka kambi hapa.

#3

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Naomba utueleze hilo shairi la treni lenyewe linaendaje. Watoto wangu wanapenda sana vitu vya kupiga makofi.

Mleta uzi

Mwalimu, umenifikisha mahali pangu.

Shairi linaitwa *Lokomotywa*, yaani kichwa cha treni. Lilitoka 1936 kwenye jarida la fasihi, kisha 1938 likawa kitabu pamoja na mashairi mengine mawili, kikichorwa na wasanii wawili waliofanya kazi pamoja, Lewitt na Him. Huko Poland sijakutana na mtu mzima asiyejua mistari yake ya mwanzo. Mkuu wa karakana niliyofanyia mazoezi, mzee wa miaka sitini mwenye mikono iliyojaa grisi, alinisomea kwa kichwa nusu nzima tukiwa chini ya mashine.

Linaanza kichwa kikiwa kimesimama stesheni. Kizito, kikubwa mno, jasho linakichuruzika, na jasho hilo ni oili. Kinapumua: *buch, uch, puff, uff*, joto, joto, joto. Halafu mshairi anapita nyuma kukagua mabehewa. La kwanza ng'ombe, la pili farasi. La tatu wamejaa wanene wanakula soseji za mafuta. La nne ndizi. La tano piano sita. La sita mzinga wa vita. La saba meza na makabati. La nane tembo, dubu na twiga wawili. La tisa nguruwe walionona. La kumi masanduku. Kisha anasema mabehewa yapo kama arobaini, na hata yeye hajui mengine yamebeba nini. Hata waje wanamichezo elfu, kila mmoja ale kababu elfu, wasingeweza kuyanyanyua.

Kipenga kinalia, na hapa ndipo fundi anapoonekana. Treni inaanza polepole kama kobe, na mistari nayo inakuwa mizito, imejaa herufi za kukwaruza kama sz, cz na rz zinazougulia mdomoni, mpaka ulimi wenyewe unahisi unavuta mzigo. Halafu magurudumu yanashika, maneno yanafupika, yanaongeza kasi, yanapita madaraja, mahandaki, mashamba, msitu. Wakati huo msomaji hana tena nafasi ya kupumua. Ukilisoma vizuri kwa sauti, mwishoni lazima utwete.

Mwalimu wetu wa Łódź alikuwa mama wa makamo, mdogo wa umbo. Alitufundisha shairi hilo kabla hatujajua hata kuomba chumvi mezani. Alikuwa anagonga meza kwa ncha ya penseli, mwanzo taratibu, halafu haraka, halafu haraka zaidi, na sisi watu kumi na wanne kutoka Vietnam, Angola, Syria na kwingineko tunakimbia nyuma ya penseli yake. Alisema ulimi ukishapita hapo, dukani hautakwama. Ilikuwa kweli.

Kilichonishika zaidi ni pale karibu na mwisho. Shairi linauliza treni inasukumwa na nini, na linajibu sawasawa: mvuke wa moto unatoka kwenye boila, unapita mabombani, unafika kwenye pistoni, na pistoni zinasukuma magurudumu kutoka pande mbili. Nilisoma hayo miaka minne baadaye kwenye vitabu vinene vya chuo. Mtoto wa Poland anakuwa nayo akiwa na miaka mitano, tena kwa vina.

Na ile *tak to to*: masikioni ni mlio wa gurudumu linapopita kiungo cha reli. Lakini pia ni maneno ya kawaida ya Kipolandi, kama sisi tunavyosema "ndivyo, ndivyo". Kwa hiyo mtu anauliza treni inasukumwa na nini, na magurudumu yenyewe yanaitikia ndivyo-hivyo, ndivyo-hivyo, ndivyo-hivyo. Vitabu vyetu vya sarufi huita hizi tanakali za sauti. Tuwim alifanya tanakali iwe jibu la swali.

Mwalimu, jambo moja litakusaidia darasani. Kipolandi hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Kwa hiyo mwendo wa shairi lake haututoki mbali. Kile ambacho hatuna ni zile konsonanti za kukwaruza, kwani silabi zetu huishia kwenye irabu na zinateleza. Lakini tuna upatanisho wa ngeli, ambao wao hawana wa namna hii. Sema kwa sauti: mabehewa mazito mapana marefu mabovu. Ma, ma, ma, ma, ma. Hayo tayari ni magurudumu. Nimekaa usiku mwingi nikijaribu kulitafsiri, na kila nilipofaulu ni pale nilipoacha kumfuata Tuwim herufi kwa herufi nikaziachia ngeli zivute.

#7

Dah, hiyo ya ma-ma-ma sikuwahi kuiwaza. Nimeisema kwa sauti ofisini watu wamenigeukia.

#8

Mkuu, unamsifu sana. Nimeingia mtandaoni nikakuta huyuhuyu ndiye aliyeandika "Murzynek Bambo". Unalijua? Mtoto mweusi anayeogopa kuoga! Kwa nini tumsomeshe mtu aliyetuchora hivyo?

Mleta uzi

Nalijua, mkuu. Nimelitaja kwenye kichwa cha uzi, na sikutaka kulipita kimya. Ngoja niandike taratibu.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa kukaa kwangu Łódź, Desemba, saa kumi jioni na nje giza limeshaingia. Nimesimama kwenye tramu, ile treni ndogo ya mjini, nimeshika bomba. Mtoto wa kama miaka minne, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi, akanitazama muda mrefu, kisha akasema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyemwona rafiki yake: "Mama, Bambo!" Mama yake akawa mwekundu hadi masikioni. Akamshika mtoto mkono, wakashuka kituo kilichofuata, na nadhani hakikuwa chao.

Sikuelewa. Kesho yake nikamuuliza mwalimu Bambo ni nani. Akaweka penseli mezani. Alikaa kimya kwanza, halafu akanieleza.

Shairi ni fupi, la miaka ya 1930. Bambo anakaa Afrika, ana ngozi nyeusi, ni "rafiki yetu". Asubuhi zote anasoma kwa bidii kitabu chake cha kwanza. Akirudi nyumbani anafanya utundu. Mama yake akimwambia anywe maziwa, anapanda mtini. Akimwambia aje kuoga, anaogopa atageuka mweupe. Lakini mama anampenda kwa kuwa ni mtoto mwema. Na mwisho linasema ni pole kwamba Bambo, mweusi na mcheshi, haendi shule pamoja nasi.

Wanaomtetea Tuwim husema: tazama, miaka hiyo vitabu vingi vya Ulaya vilimchora Mwafrika akiwa uchi na mkuki, na huyu kamchora anasoma, ana mama anayempenda, na watoto wa Poland wanatamani wakae naye dawati moja. Hilo ni kweli, nami silikatai. Watundu wake wengine wa Kipolandi wanafanya makubwa zaidi, mmoja anamdanganya shangazi yake kwamba ameshatuma barua ambayo hakupewa kabisa. Hata neno *Murzynek*, kutoka *Murzyn*, yaani mtu mweusi, limewekwa udogishi wa kubembeleza, si kama "kijitu" chetu ambacho ni tusi.

Lakini mimi nilikuwa kwenye ile tramu. Mtundu wa Kipolandi ana jina lake, na mtoto akifunga kitabu anakutana na watoto wengine mia wa kila tabia. Bambo alikuwa peke yake. Kwa vizazi vya watoto wa kule, Mwafrika wa kwanza kumjua, na mara nyingi wa pekee, ni huyo anayeogopa maji yasije yakamfanya mweupe. Na kwa nini atamani au aogope weupe hata kidogo? Mtoto wa Morogoro akiogopa kuoga anaogopa baridi na sabuni ya machoni. Hapo Tuwim hakuwa anamwona mtoto. Alikuwa anaiona rangi. Afrika hakuwahi kukaa, na inaonekana.

Jina hilo likawa la kuzomea. Watu weusi waliokulia Poland wamesimulia hadharani walivyoitwa Bambo shuleni mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 wasichana weusi wa Poland walianzisha kampeni mtandaoni wakitaka neno *Murzyn* lenyewe liachwe, na 2021 Baraza la Lugha ya Kipolandi likatoa maoni ya kitaalamu kwamba neno hilo limebeba maana mbaya, limepitwa na wakati, na halifai kutumika hadharani. Lilichukua muda mrefu, ila lilitokea.

Msimamo wangu, mkuu, ni kwamba Bambo asipewe mtoto wa miaka mitano bila mtu wa kukaa naye. Apewe wa miaka kumi na sita, pamoja na maswali. Lakini Lokomotywa sitaiacha. Ninachokiona kigumu, na sijawahi kukimaliza moyoni, ni kwamba aliyeandika hivyo ni mtu aliyejua vizuri sana kuitwa kwa kile alichozaliwa nacho.

#11

Fafanua hapo mwisho. Aliitwaje?

Mleta uzi

Magazeti ya mrengo mkali wa kulia ya miaka ile yalimwandama bila kupumzika: Myahudi anathubutu vipi kuwa mshairi wa Kipolandi, anaichafua lugha, si wetu. Huyu huyu ambaye watoto wa hao hao walikuwa wanasoma mashairi yake. Na 1929 alipoandika shairi la kumwambia mtu wa kawaida atupe bunduki chini wakubwa watakapomwita vitani, wakamzidishia tuhuma ya usaliti juu ya ile ya Uyahudi.

Septemba 1939 Wajerumani wakaingia. Akakimbia kupitia Romania, Ufaransa, Ureno, Brazil, akaishia New York. Mama yake, Adela, alibaki.

Aprili 1944, mwaka mmoja baada ya Wayahudi wa geto la Warsaw, yaani mtaa waliofungiwa na Wajerumani, kuinuka na kuuawa, Tuwim aliandika huko New York maandishi yaitwayo *My, Żydzi polscy*, "Sisi, Wayahudi wa Poland". Anasema yeye ni Mpolandi kwa sababu amependa iwe hivyo, kwa sababu kwa lugha hiyo alifundishwa utotoni, na kwa lugha hiyo mama alimfundisha mashairi na nyimbo. Na ni Myahudi kwa ajili ya damu. Ila damu, anasema, ni za aina mbili: ile iliyomo mishipani, na ile inayomwagika kutoka mishipani. Ya kwanza ni kazi ya madaktari kuichunguza. Undugu wake uko kwenye ya pili.

Juu kabisa ameyatolea maandishi hayo kwa mama yake aliyeko Poland, "au kwa kivuli chake kipendwa kuliko vyote". Hakuwa na uhakika kama yu hai. Adela alikuwa ameshauawa tangu Agosti 1942 huko Otwock, karibu na Warsaw, siku geto la mji huo lilipokuwa linafutwa.

Nikisoma ile "au" huwa naweka kitabu pembeni.

Alirudi Poland 1946. Mabaki ya mama yake yakahamishiwa kwenye makaburi ya Wayahudi ya Łódź. Yeye na Stefania wakamlea binti waliyemuasili. Aliunga mkono serikali mpya ya kikomunisti, na baadhi ya wale rafiki wa Skamander waliobaki uhamishoni wakamkatia urafiki kabisa. Alifariki Zakopane, mji wa milimani, tarehe 27 Desemba 1953, akiwa na miaka 59.

#14

Mimi ni wa Arusha. Kule Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, tulikuwa tunapelekwa na shule. Wana uhusiano wowote na huyu?

Mleta uzi

Kwa damu hapana, kwa miaka ndiyo. Wale wa Tengeru ni raia wa Poland ambao Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, aliwahamishia Siberia kwa nguvu. Walipoachiwa wakapitia Uajemi, na kuanzia 1942 wakaletwa kambi za Afrika Mashariki, Masindi na Koja kule Uganda, na Tengeru iliyokuwa na watu kama 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwa na shule zao za Kipolandi chini ya Meru. Yaani mwaka ule ambao Tuwim alikuwa New York hajui mama yake yuko wapi, kulikuwa na watoto wa Kipolandi Arusha wanasoma lugha ileile. Wale hawakuhitaji Bambo wa kuwaeleza Mwafrika anafananaje. Walinunua ndizi kutoka kwa mama zetu.

Mwingine aliniuliza kwenye ujumbe kama kuna mashairi yake mafupi ya kuanzia. Yapo. Kuna bwana anayetafuta miwani nyumba nzima kumbe iko puani. Kuna alfabeti iliyodondoka kutoka juu ya jiko: I ikapoteza nukta yake, H ikavunjika daraja, B ikaumia matumbo yote mawili. Mwalimu, hilo la alfabeti unaweza kulichora ubaoni kesho asubuhi. Na dada yake, Irena, ndiye aliyetafsiri kwa Kipolandi hadithi za yule dubu wa Kiingereza, Winnie the Pooh, nyumba nzima ilikuwa ya maneno.

Łódź leo ukipita mtaa wa Piotrkowska utamkuta amekaa kwenye benchi, wa shaba, tangu 1999. Watu humsugua pua kwa bahati njema, kwa hiyo mwili wote ni wa kahawia ila pua inang'aa kama dhahabu. Siku naondoka nilikaa naye dakika kumi. Pua sikuishika. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba sisi huoga mara mbili kwa siku.

#19

Mleta uzi, mwalimu wa darasa la pili tena hapa. Jana nimefanya. Sikuwa na tafsiri, nimetumia ile ya mabehewa mazito mapana marefu na "ndivyo-hivyo", wakipiga madawati kuanzia polepole. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuangalia kuna nini, akabaki mlangoni.

Halafu nikawaambia mshairi ametaja mabehewa kumi tu na yapo arobaini, thelathini hayajulikani yamebeba nini. Nilidhani watanitajia matatu manne. Wamejaza mpaka la thelathini na nane kabla kengele haijalia. Dagaa wa Kigoma, magodoro, mbao, mbuzi wa sikukuu, maji ya chupa, walimu wote wa shule. Kuna binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma, tangu mwaka uanze sijawahi kumsikia akinyoosha mkono. Behewa la kumi na saba alilichukua yeye. Akasema humo yumo bibi yake peke yake, amemwekea mto wa kuegemea, na dirisha ameliacha wazi.

Mleta uzi

Mwalimu, naomba hayo mengine yote uniandikie, hata kwa ufupi. Na yale mawili yaliyobaki, ya thelathini na tisa na arobaini, binti yangu ameuliza kama anaweza kuyapata yeye.